Miungu katika Majina ya Siku: Riwaya ya Eight Days of Luke na Kazi ya Mfasiri wa Kiswahili

Utangulizi

Mwaka 1975 mwandishi wa Kiingereza Diana Wynne Jones alitoa riwaya ya vijana iitwayo Eight Days of Luke, yaani "Siku Nane za Luke". Kwa juu juu riwaya hiyo ni kisa cha kusisimua cha mvulana yatima ambaye likizo yake inavurugwa na rafiki mgeni mwenye maajabu. Lakini ndani ya kisa hicho kumefichwa kitendawili, na ufunguo wa kitendawili hicho haumo katika vitendo vya wahusika wala katika mandhari yao. Umo katika majina ya siku za juma, ambayo kila msemaji wa Kiingereza huyatamka tangu utotoni bila ya kujiuliza yametoka wapi.

Kwa sababu hiyo riwaya hii yastahili kuangaliwa na wanafunzi wa lugha, wala si na wahakiki wa fasihi ya watoto peke yao. Inaonyesha namna dini iliyokwisha kufa inavyoweza kuendelea kuishi ndani ya maneno ya kila siku. Aidha inamwekea mfasiri wa Kiswahili mtihani ulio wazi: hadithi ambayo fumbo lake limejengwa juu ya sauti za lugha moja itavushwaje hadi lugha nyingine ambayo juma lake limejengwa kwa misingi tofauti kabisa? Wako wanaotoa jibu la haraka kwamba kazi kama hiyo haiwezekani, na kwamba kosa ni la Kiswahili. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo halina msingi.

Muhtasari wa hadithi

Mhusika mkuu ni David Allard, mvulana aliyefiwa na wazazi na kulelewa na jamaa zake: mzee Bernard, bibi Dot, na binamu Ronald pamoja na mkewe Astrid. Jamaa hawa hawampigi wala hawamnyimi chakula. Dhuluma yao ni ya namna nyingine: kila siku wanamdai shukrani. Afikapo nyumbani kutoka shule ya bweni, David anatambua kwamba wamesahau hata siku ya kurudi kwake.

Kwa uchungu anakwenda nyuma ya bustani na kujaribu kuwalaani. Hajui maneno ya laana, kwa hiyo anaunganisha sauti zozote zinazoonekana kufaa, zisizo na maana yoyote kwake. Ukuta unapasuka, moto unatoka, nyoka wanatokeza, na mbele yake anasimama kijana mwenye nywele nyekundu ajiitaye Luke. Kijana huyo anamshukuru David kwa kumtoa kifungoni, na kumwambia kwamba akimhitaji awashe kiberiti tu, naye atafika.

Tangu hapo wageni wanaanza kubisha hodi, kila mmoja akimtafuta Luke. Jumanne anakuja Bwana Chew. Jumatano anakuja Bwana Wedding, mzee mwenye haiba kubwa na jicho moja, ambaye kunguru humpelekea habari. Alhamisi anatokea mtu wa nguvu nyingi, na Ijumaa wanakuja Bwana na Bibi Fry. David anafahamu kidogo kidogo kwamba rafiki yake anashukiwa kuficha kitu cha thamani kuu, na kwamba kumwokoa kwahitaji yeye mwenyewe akitafute kitu hicho. Mwishoni kitu hicho kinabainika kuwa nyundo, na jamaa waliokuwa wakimdai David shukrani wanabainika kuwa ndio waliokuwa wakila mali aliyoachiwa.

Msomaji anaachwa akisie mwenyewe wageni hawa ni nani. Wedding ni Woden, ambaye watu wa kale wa Skandinavia walimwita Odin. Chew ni Tiw, au Tyr. Mtu wa Alhamisi ni Thor, mwenye nyundo. Jina la Fry lawakumbusha Frey na Freyja. Naye Luke ni Loki, yule mjanja aliyekuwa rafiki wa miungu kisha akawa adui yao.

Chimbuko la visasili

Habari nyingi za miungu hii zimetufikia kutoka Iceland. Watu wa kisiwa hicho waliupokea Ukristo kiasi cha mwaka 1000, nao walikuwa na desturi kubwa ya ushairi. Zaidi ya miaka 200 baadaye, kiasi cha mwaka 1220, Snorri Sturluson, aliyekuwa mwanasiasa, mwanahistoria na mshairi, alitunga kitabu kiitwacho Edda. Snorri alikuwa Mkristo, na hakuandika ili watu wairudie ibada ya Odin. Aliandika ili washairi vijana wasipotewe na lugha ya sanaa yao, kwa kuwa mashairi ya wahenga yalijaa mafumbo ambayo hayafumbuki ila kwa mtu aijuaye mikasa ya miungu. Kwa maneno mengine, visasili hivi viliokolewa kwa ajili ya lugha. Hilo ni jambo la kukumbukwa tunapomsoma Jones, kwani yeye naye alivifufua kwa njia ya lugha.

Katika Edda, Loki anafungwa kwa sababu ya kifo cha Baldr. Frigg, mama yake Baldr, aliviapisha vitu vyote ulimwenguni visimdhuru mwanawe, akakiacha kimoja tu: mmea mdogo unaoota juu ya matawi ya miti mingine. Loki aliutafuta mmea huo na kumtia mkononi ndugu kipofu wa Baldr, ambaye aliurusha pasipo kujua. Msomaji anayekijua kisa cha Fumo Liyongo, shujaa asiyedhurika ila kwa sindano ya shaba kitovuni, hahitaji kuelezwa uzito wa kosa hilo. Adhabu ya Loki ilikuwa kufungwa mwambani huku nyoka akimdondoshea sumu usoni. Nyoka wanaotoka ukutani pamoja na Luke ni mabaki ya adhabu hiyo.

Hata hivyo Jones hakufuata Edda peke yake. Uhusiano wa Luke na moto hauna mizizi imara katika Snorri. Kwa Snorri, moto ni mtu mwingine aitwaye Logi, ambaye anashindana na Loki katika kula na kumshinda kwa kuteketeza nyama, mifupa na hata chombo chenyewe. Waliowaunganisha Loki na Logi walisaidiwa na mshabaha wa majina, na Mjerumani Richard Wagner aliutangaza muungano huo katika opera yake Das Rheingold, iliyochezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1869, ambamo Loge ni mungu wa moto. Kiberiti cha David kimewashwa kwa Wagner zaidi kuliko kwa Snorri. Hapa pia ni sauti za maneno mawili yanayofanana zilizozaa dhana mpya.

Jones alizaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2011. Alisoma Oxford, na huko alihudhuria mihadhara ya C. S. Lewis na J. R. R. Tolkien. Tofauti yake na hao wawili ni kwamba katika riwaya hii hakuumba nchi ya mbali yenye ramani yake. Miungu wake wanatembea katika mji mdogo wa Uingereza, mchana kweupe, wakiwa wamevaa nguo za watu wa kawaida. Mbinu hiyo imeonekana tena katika vitabu vya baadaye. Katika American Gods ya Neil Gaiman, iliyotoka mwaka 2001 kwa wasomaji wazima, Odin anaitwa Mr Wednesday. Katika mfululizo wa Rick Riordan ulioanza mwaka 2015, kijana Magnus Chase anakutana na miungu hao hao katika mji wa Boston.

Juma la Waingereza

Majina ya siku katika Kiingereza yametokana na tafsiri. Warumi waliziita siku zao kwa majina ya jua, mwezi na sayari tano, ambazo nazo zilikuwa na majina ya miungu. Makabila ya Kijerumani yalipopokea juma la Warumi, yalitafuta kati ya miungu yao wale walioonekana kulingana na miungu wa Roma. Mars, mungu wa vita, akawa Tiw. Mercury akawa Woden. Jupiter, mwenye radi, akawa Thunor, ndiye Thor wa Skandinavia. Venus akawa Frig. Ndivyo zilivyopatikana "Tuesday", "Wednesday", "Thursday" na "Friday". Jumamosi ilibaki na Saturn wa Kirumi, na siku mbili zilizobaki zikawa za jua na mwezi. Ndiyo maana mfululizo wa wageni wenye majina ya siku katika riwaya unaanzia Jumanne na kukoma Ijumaa.

Wenyeji wa Uingereza walipoingia katika Ukristo, ibada za Woden zilikoma lakini siku yake haikubadilishwa jina. Kwa zaidi ya miaka elfu moja, watu wasiomwamini wamekuwa wakimtaja kila juma. Ufundi wa Jones ni kuuchukua usahaulifu huo na kuufanya fumbo. Loki amefungwa chini ya ardhi, lakini miungu wenzake nao wamefungwa ndani ya maneno. Tena inapendeza kuona kwamba kinachomfungua Luke ni maneno yasiyo na maana kwa anayeyatamka. Kila mtoto wa Kiingereza asemaye "Wednesday" anafanya kama David: anatamka jina lenye nguvu pasipo kujua alitamkalo.

Juma la Waswahili

Kiswahili kilifuata njia nyingine. Siku tano kati ya saba huhesabiwa: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Hesabu inaanza mara tu baada ya Ijumaa, siku ya mkutano wa sala, ambayo ndiyo iliyotoa neno "juma" lenyewe. Lakini baada ya Jumatano hesabu ya Kibantu inakatika. Badala ya kupata siku ya sita tunapata Alhamisi, neno la Kiarabu lenye maana ya siku ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Hivyo juma la Kiswahili lina siku mbili za tano zinazofuatana, moja kwa hesabu ya Kibantu na nyingine kwa hesabu ya Kiarabu. Hiki nacho ni kitendawili, na kinaeleza historia ya pwani kwa maneno machache kuliko kitabu chochote.

Kwa hiyo si kweli kwamba majina ya Kiswahili ni tarakimu tupu zisizo na historia. Yana historia yake, ila historia hiyo haina Odin. Wala Kiswahili si peke yake katika hali hiyo. Wajerumani walimwondoa Woden katika siku yake na kuiita "Mittwoch", yaani katikati ya juma. Na huko Iceland, nchi iliyovihifadhi visasili hivi kuliko nchi zote, majina ya miungu yaliondolewa kabisa katika siku hizo nne. Mapokeo ya nchi hiyo yanamtaja Askofu Jón Ögmundarson wa Hólar, aliyeshika uaskofu mwaka 1106 na kufariki mwaka 1121, kuwa ndiye aliyeyakataza. Leo Jumanne huko ni "þriðjudagur", siku ya tatu. Jumatano ni "miðvikudagur", siku ya katikati ya juma. Alhamisi ni "fimmtudagur", siku ya tano, sawasawa na maana ya neno letu. Ijumaa ni "föstudagur", siku ya kufunga.

Ushahidi huu watosha kuwajibu wale wanaodai kwamba kitabu hiki kinaishinda lugha ya Kiswahili. Mfasiri wa Iceland, anayeandika katika lugha ya Snorri mwenyewe, angekutana na ukuta ule ule. Tatizo halitokani na uchanga wa lugha yoyote. Linatokana na uamuzi uliofanywa na jamii mbalimbali kuhusu siku zao, karne nyingi kabla riwaya haijaandikwa.

Njia tatu za mfasiri

Njia ya kwanza ni kuyaacha majina kama yalivyo na kuzitafsiri siku kwa kawaida. Bwana Wedding atafika Jumatano. Uhusiano wa sauti utakatika, na lililo baya zaidi, msomaji anayejua Kiingereza atadhani jina hilo lahusu harusi na kupotea njia.

Njia ya pili ni kuyaswahilisha majina ili yalingane na siku: Bwana Tano aje Jumatano, na Bwana Hamisi aje Alhamisi. Njia hii inavutia, lakini ina kasoro kubwa. Waswahili wana desturi ya kuwapa watu majina ya siku walizozaliwa. Juma, Hamisi, Mwanajuma na Mwanahamisi wamejaa mitaani. Kwa Waingereza mungu aliipa siku jina lake. Kwa Waswahili siku humpa mtu jina lake. Bwana Hamisi akibisha hodi siku ya Alhamisi hakuna atakayeshtuka, maana huenda ni jirani. Fumbo litakuwa limetafsiriwa, na papo hapo litakuwa limetoweka. Isitoshe, mungu wa kale wa Skandinavia atakuwa amepewa jina la Muislamu wa pwani, na maana yote itachafuka.

Njia ya tatu inaanza kwa kutenganisha fumbo lililo katika neno na fumbo lililo katika picha. Jicho moja la Bwana Wedding ni picha: Odin alilitoa jicho lake ili anywe maji ya kisima cha hekima cha Mimir. Kunguru wake ni picha, nao katika visasili wanaitwa Fikira na Kumbukumbu. Nyoka, moto, nyundo iliyopotea, zote ni picha, na picha havizuiwi na mpaka wa lugha. Mfasiri anayezieleza kwa uangalifu, bila ya kuzipunguza wala kuzifasili mapema, atakuwa amevusha sehemu kubwa ya kitendawili.

Yabaki majina. Luke anaweza kuwa Luka bila hasara yoyote. Kwa Kiingereza jina hilo ni la mwandishi wa Injili huku likimficha Loki, na kwa Kiswahili linabaki hivyo hivyo, la Injili na lenye konsonanti mbili za Loki. Mwalimu Julius Nyerere alikwisha kuonyesha njia mwaka 1969, alipolitoa jina la tamthilia ya Shakespeare kwa umbo la Kiswahili, Juliasi Kaizari. Kuhusu wageni wa siku, inafaa kukumbuka kwamba hadithi inatendeka Uingereza, na kwamba kijana wa Kenya au Tanzania hujifunza majina ya siku ya Kiingereza tangu shule ya msingi. Basi mfasiri anaweza kuziandika siku kwa Kiingereza kama vichwa vya sehemu za hadithi, "Tuesday", "Wednesday" na kuendelea, kisha masimulizi yenyewe yatumie Jumanne na Jumatano. Kijana atakayeona kichwa "Wednesday" na chini yake jina la Bwana Wedding atakuwa na ufunguo mkononi, na raha ya kuutumia itakuwa yake. Maelezo mafupi kuhusu miungu yakae mwisho wa kitabu, si chini ya kila ukurasa, kwa maana kitendawili hakitegwi pamoja na jibu lake.

Hitimisho

Kiswahili si kigeni katika kazi ya namna hii. Kisa cha Alice cha Lewis Carroll, kilichojaa michezo ya maneno, kilitolewa kwa Kiswahili mwaka 1940, na tafsiri nyingine ikatolewa mwaka 2015. Kila kizazi kinairudia kazi hiyo kwa kuwa michezo ya maneno haina tafsiri ya mwisho.

Yapo yatakayopotea. Msomaji wa Kiswahili hatapata mshtuko wa kugundua kwamba yeye mwenyewe, tangu utoto, amekuwa akimtaja Woden kila juma. Mshtuko huo ni wa Waingereza na jamaa zao wachache. Lakini kijana huyo akikifunga kitabu na kuuliza kwa nini juma lake yeye lina siku mbili za tano, hapo riwaya itakuwa imemfanyia katika lugha yake jambo lile lile iliyowafanyia Waingereza katika yao. Mwalimu atakayeulizwa swali hilo darasani ni heri awe na jibu tayari.